Kadi Tupu ya Kiobari

Profesa Judith tulimzika Harrow, siku ya Alhamisi yenye manyunyu, nami nilisimama nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kumsindikiza jirani. Wenzetu hawa Waingereza hawalii sana mazishini, wanasoma. Mzee mmoja aliyefundisha naye isimu kwa miaka mingi alitoa karatasi mfukoni, akasoma habari za kitabu chake kikubwa, kile cha lugha tano za Mto Hamo huko Papua Guinea Mpya, akamalizia kwa kusema kwamba Judith aliwarudishia moto watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Waliokijua kitabu wakatabasamu, maana ukurasa wa neno "moto" ndio uliompa marehemu sifa. Mimi niliangalia viatu vyangu. Ukurasa ule unasimama juu ya kadi moja niliyoijaza kwa uongo, na Profesa amekwenda kaburini bila kujua. Baadaye tulipewa chai na sandwichi za matango, na binti yake akanikumbatia, akaniambia kwamba mama yake alikuwa akinitaja kila mara, kwamba hakupata tena msaidizi kama mimi. Nikasema asante. Ndivyo nilivyo, nikibanwa nasema asante.

Mwaka wa kadi hiyo ulianza Septemba 1996. Nilikuwa nasomea shahada ya pili, na Profesa akanichukua nimsaidie siku nne kwa juma katika chumba kimoja cha chini ya ardhi, karibu na Russell Square. Kilikuwa na dirisha moja la juu ambalo kupitia kwake nilikuwa naona miguu tu ya wapita njia, kikanza cha kupashia joto kilichonuka vumbi la kuungua, na makabati manne ya droo ndogondogo zilizojaa kadi. Kazi yenyewe ukiieleza upesi ni hii. Kwetu Unyakyusa tunasema abandu, Waganda wanasema abantu, Waswahili wanasema watu, na mtu mwenye masikio anatambua kwamba hawa wote walirithi neno hilo kwa bibi mmoja. Bibi huyo hakuandika wala hakurekodiwa, lakini ukiwapanga wajukuu wake vizuri unaweza kujua alivyosema. Profesa alikuwa akimtafuta bibi wa lugha tano za Mto Hamo. Kila neno la bibi alilolipata aliliwekea kinyota mbele, alama ya kuonyesha kwamba hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia. Na kinyota hakikutolewa ovyo. Sharti neno lishuhudiwe na lugha tatu kati ya tano, kila lugha kwa kadi yake, na kila kadi iwe na tarehe na herufi za mwanzo za jina la msemaji. "Tusipomjua aliyesema," Profesa aliniambia siku ya kwanza, "basi hakuna aliyesema." Alinitaka nimwite Judith. Sikuweza. Nilimwita Profesa mpaka mwisho, akachoka kunirekebisha.

Lugha nne zilikuwa na kaseti na orodha za kutosha. Ya tano, Kiobari, ilikuwa na orodha moja tu ya mmisionari, yenye mashimo mengi, na wazungumzaji wake walibaki vijiji viwili. Ndipo Profesa akafanya mpango wa miezi sita, akamleta London Mzee Aweku. Alifika Oktoba, mwembamba, na koti la kuazima lililomfika magotini. Hoteli ilimtisha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kula naye, kwa hiyo nikaomba apewe chumba cha mbele katika nyumba niliyopanga mimi, Queensbury, kwa Mama Nila, mjane wa Kigujarati aliyezaliwa Mwanza. Mama Nila alimpenda tangu siku ya kwanza kwa kuwa mzee hakuacha kitu sahanini. "Huyu ndiyo mtu," aliniambia kwa sauti ya juu, akijua mzee haelewi Kiswahili. "Wewe unachokoachokoa tu chakula, kesho unasema London baridi. Baridi gani? Ni njaa hiyo, binti." Alimnunulia viazi vitamu na mihogo kwenye duka la kona, akamchemshia bila pilipili, na mzee alikula polepole ameshika sahani mapajani, kwa sababu meza ilimfanya ahisi yuko ofisini. Mimi na yeye tulizungumza Kipisin, ile lugha yao ya kuelewana huko nyumbani kwao, niliyokuwa nimeiokota kwenye kaseti. Mimi nilimwita Mzee kwa Kiswahili, akalipenda neno hilo. Yeye aliniita mwanangu.

Asubuhi tulikaa chumbani pale na mabunda ya picha. Namwonyesha picha, anataja neno mara tatu, kinasa sauti kinazunguka, naandika kadi. Mkono, jiwe, nguruwe, mvua. Ilikuwa Novemba tulipofika kwenye picha ya moto. Aliitazama, akasema maneno mengi. Nikacheza tena kaseti, nikayachambua, nikaona amesema "kile kinachotupasha". Nikamwambia, Mzee, nataka neno lenyewe. Akazima kinasa sauti kwa kidole chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasogeza kiti.

"Hilo siwezi kulisema, mwanangu. Ni jina la mama wa mke wangu."

Nilicheka, na kilikuwa kicheko cha furaha. Nilimweleza kwamba kwetu Tukuyu mama yangu hajawahi kulitamka jina la baba mkwe wake hata siku moja, na kwa kuwa jina la babu lilikaribiana na neno la mvua, mvua nyumbani kwetu iliitwa maji ya juu. Mzee Aweku alipiga paja lake. Alisema alidhani huku duniani kote watu wamekwisha kuwa bila wakwe. Akanieleza mengi siku ile: kwamba mkewe alikwisha kufa lakini ukwe haufi, kwamba anaishi kwenye ardhi ya wakwe na ndio wanaompa chakula, na kwamba siku yake ikifika atalazwa ubavuni mwa mkewe katika shamba lao, mradi asilivunje lile jina kwa kulitamka. Mtu akilivunja, hata kwa bahati mbaya, hali nao tena. Kisha akaniomba kitu kimoja. "Usimwambie yule mama mwenye kitabu. Atataka kuuliza sababu, atauliza na jina. Mwambie tu Aweku hajui." Nikamwahidi. Nilikuwa najivunia kwamba siri hiyo kapewa mtu wa kuielewa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mzungu angekosea, tungesema hajui mila. Mimi nilijua kila kitu tangu nikiwa mgongoni kwa mama.

Kadi ya moto nikaiweka kwenye droo ikiwa tupu, na Januari tukaanza kuhesabu vinyota. Kulikuwa na kinyota cha jiwe, cha jicho, cha kulala, cha kufa. Moto ulikuwa na mashahidi wawili tu, maana lugha mbili zilikwisha kuliacha neno la bibi na kushika la majirani. Wa tatu alikuwa Kiobari au hakuna. Profesa alisimama mbele ya kabati, miwani kichwani, akacheka kwa masikitiko. "Mababu wasiokuwa na moto! Nani atatuamini? Muulize tena, tafadhali." Nilimwambia mzee hajui. Akashusha miwani machoni. "Mtu wa miaka sabini hajui moto?" Hapo palikuwa pa kusema ukweli nusu, kwamba msemaji hakutaka, na mambo yakaisha. Wasemaji wanakataa maneno kila siku. Lakini kusema hivyo kungeleta swali la kwa nini, nami nikajiambia kwamba nalinda siri ya mzee. Uongo wangu wa kwanza ulivaa heshima, ndiyo maana sikuuogopa.

Februari mzee akaugua nimonia, akalazwa. Ilikuwa wodi ya watu sita, yenye pazia za kijani, na mwuguzi mmoja wa Kikongo aliyetokea Bukavu ambaye aliposikia lafudhi yangu alianza kunisemesha Kiswahili chao. "Baba yako huyu?" "Hapana, dada, ni mgeni wetu." "Basi mukae naye. Mutu akiwa na fièvre, homa hivi, asibaki yeye peke." Nilikaa naye mchana kutwa kwa siku nne, Mama Nila akileta uji kwenye chupa ya chai. Homa ilimpanda, akawa anazungumza Kiobari bila kukoma, macho wazi, hanioni. Sasa nieleze nilichokifanya siku ya pili, maana nimekuwa nikikiruka kila ninaposimulia habari hizi. Nilikwenda Russell Square, nikachukua kinasa sauti, nikarudi nacho wodini, nikakiweka juu ya blanketi karibu na kidevu chake. Nilimwambia mwuguzi ni redio ya kumpa muziki wa kwao. Nilikuwa nategea. Nilitaka homa inipe kile alichoninyima akiwa mzima. Nilijaza kaseti tatu, nikazisikiliza zote. Alikuwa anamwita mkewe, anawafokea mbwa, anamwambia mtu fulani afunge mlango wa ghala. Neno lile halikutoka. Hata akiwa hajitambui, mzee alilishika. Siku ya tatu homa ikashuka, akafumbua macho, akaona kile kidude shingoni mwake na taa yake nyekundu inawaka. Aliangalia taa, akaniangalia mimi, akageukia ukutani.

Machi nikawa nimechelewa. Sura ya moto, jua na majivu ilikuwa ikingoja. Asubuhi moja nilikuwa nakuja na kikombe changu cha chai, nikasikia sauti ya Profesa nyuma ya mlango, anazungumza kwa simu na mtu wa kuchapa kitabu. Alisema, "Hapana, sina wasiwasi. Yule msichana hajawahi kuniletea kadi tupu." Nikarudi ngazini nikakaa. Sijui kama nimewahi kusifiwa vile, mimi ambaye miezi ile yote nilikuwa naogopa kwamba nilichukuliwa kwa huruma. Nilikunywa ile chai yote hapo ngazini. Kisha nikaingia chumbani kwetu, nikafungua droo, nikatoa kadi.

Sikuhitaji kumwuliza mtu. Nilikuwa nimekwisha kuzipanga kadi elfu na zaidi, najua usingizini kwamba pale ambapo zile lugha mbili zina sauti hii, Kiobari kina ile, na kwamba silabi ya mwisho Kiobari huikata. Nilichukua neno la moto la wenzake, nikalipitisha kwenye kanuni hizo, likatoka upande wa pili likiwa Kiobari safi. Nililiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaweka tarehe, na pembeni nikaweka herufi za jina la Mzee Aweku. Neno lenyewe sitaliandika hapa, nimeliandika mara moja na inatosha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua ubaya wake: kanuni zinathibitishwa na mashahidi, na mimi nilimtunga shahidi kwa kanuni zilezile, kisha nikamtia mzee wa watu maneno mdomoni. Saa nne Profesa aliingia. "Amekupa?" "Amenipa." Akaisoma kadi, akaiweka kifuani, akanibusu shavu. Mchana alininunulia chakula cha Kitaliano, na nilikula vizuri, nikaongeza. Ningependa kusema nilishindwa kumeza, lakini nilimeza.

Aprili tulimsindikiza mzee uwanja wa ndege. Mama Nila alimfungia chapati za safari kwenye karatasi ya alumini na kulia wazi mbele ya watu. Mzee alinishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, nilipokuwa na homa nilisema nini?"

"Ulikuwa unamwita mkeo, Mzee."

"Na zaidi?"

"Na mbwa."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na niliona hajaniamini, kwa sababu ya ile taa nyekundu.

Kitabu kilitoka baada ya miaka miwili. Profesa alikuwa mtu mwadilifu kupita kiasi. Kila neno lilichapwa na jina la aliyelisema, ili wenyeji wapate haki yao, na nakala ishirini zikatumwa shule ya msingi ya Mto Hamo kwa shukrani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha isimu. Niliwaambia watu nimechoka na umaskini wa wasomi, nikaajiriwa ofisi ya nyumba za manispaa, nikahamia Barking, nikaolewa, nikazaa. Nilijifariji kwamba huenda neno langu halikuwa sahihi, na kama si sahihi basi halimhusu mkwe wa mtu yeyote.

Mwaka 2003 akaja London kijana aitwaye Simon, mpwa wa Mzee Aweku, mwalimu, amealikwa na kanisa. Alipata namba yangu kwa Profesa. Nilimkaribisha nyumbani Jumapili, nikapika wali na ndizi za nazi, binti yangu akamsalimia kwa Kiingereza akarudi kwenye televisheni yake. Simon alikula, akafuta mikono, akasema ametumwa. Watoto wa shule walikuwa wamesoma kitabu kwa sauti. Walipofika ukurasa wa moto, mwalimu wao akafunga kitabu, maana lilikuwa hasa lile neno, herufi kwa herufi, na chini yake jina la mjomba wake. Jioni ileile wakwe waliacha kumpelekea chakula. Mzee hakubisha. Alijenga kibanda ng'ambo ya kijito na anajipikia mwenyewe.

"Anasema hakumbuki kulitamka," Simon aliniambia, "lakini aliugua hapa, na wewe ulikuwa na mashine. Amesema nikuulize wewe peke yako, si yule mama. Je, alilisema kwenye homa?"

Ukweli ulikuwa wa sentensi moja. Lakini Profesa alikuwa hai, kitabu kilikuwa madukani, na yule kijana alikuwa ananitazama kwa adabu ya mtu aliyelishwa. Nikasema, "Homa ilikuwa kali sana, kaka. Hakujua anachosema." Sikusema ndiyo. Nimeing'ang'ania tofauti hiyo kwa miaka, kwamba sikusema ndiyo. Simon alishusha pumzi, akanishukuru, akasema angalau sasa mzee atajua. Mwaka uliofuata aliniandikia kwamba mzee amefariki. Walimzika kule ng'ambo ya kijito, na mkewe yuko shambani kwa wazazi wake, kuna nafasi ubavuni mwake ambayo hawakuitumia.

Juma moja baada ya kumzika Profesa, nilipokwisha kukosa mtu wa kumwogopa, nilimwandikia Simon barua ya kurasa sita kwa Kipisin changu kilichopata kutu. Nilieleza yote. Kwamba mzee alikataa, kwamba hata homa haikumshinda, kwamba neno nililitengeneza mimi kwa kalamu. Nilichora jedwali la sauti ili waone lilivyopatikana. Nilimwomba aisome mbele ya wakwe, ili mzee ahamishwe alazwe panapomstahili.

Jibu limefika. Simon ameisoma barua mbele ya wakwe wote, wamekaa, wamesikiliza mpaka mwisho. Wameuliza swali moja tu: kama Aweku hakulitamka jina la mama yao, huyu mwanamke wa London alilijuaje? Jedwali limepita mkono kwa mkono. Wamesema hakuna mtu awezaye kulipata jina la mkwe wa mwenzake kwa kalamu. Kaburi litabaki lilipo. Lakini hawana kinyongo na mimi, Simon ameandika, tena wananisalimu sana. Wanasema mjomba wake alijaliwa kupata mtoto mwema huko ugenini, anayekubali kujiita mwongo ili kumsitiri mzee wake.